Kurekodi taarab asilia ukumbini: maiki ipi ununue kwanza

Wapigaji wa taarab asilia wakishakaa jukwaani, fidla, kanuni, udi, nai, akodiani, besi na dumbaki, kazi ya kulinganisha sauti wameshaifanya wenyewe. Wamezoeana. Kwa hiyo simshauri mtu ampe kila mpigaji maiki yake. Nunua mbili zinazofanana, uzipandishe juu.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya maiki za kondensa, zile nyembamba zenye umbo la kalamu, zinazosikia zaidi mbele kuliko nyuma. Rode NT5 huuzwa zikiwa jozi iliyolinganishwa kiwandani. Mfuko ukiwa mdogo, Behringer C-2 nazo huja mbili, ila kanuni ikibaki peke yake utasikia "shhh" kwa chini. Zote zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au rekoda.

Zifunge kwenye upau mmoja, vichwa vikiachana sentimita 17, kila moja ikitazama upande wake mpaka pembe kati yao ifike digrii 110. Mpango huu ulitoka kwenye shirika la utangazaji la Ufaransa, ORTF, na ndilo jina lake hadi leo. Stendi isimame mita 2 hadi 3 mbele ya safu ya kwanza, maiki ziwe juu kama mita 3, zikiinama kidogo kuwaelekea waitikiaji wa nyuma. Kimo hicho kina sababu yake. Maiki ikiwa chini, mpiga fidla wa mbele yuko karibu mno na waitikiaji wako mbali mno. Ukiipandisha, tofauti ya umbali inapungua. Naomba sana usibane pesa kwenye stendi. Iwe nzito, na miguuni uiwekee mfuko wa mchanga, maana chini yake watu watapita kwenda kutunza.

Ya pili ni rekoda ya mkononi yenye maiki zake, kama Zoom H5. Picha ya sauti, yaani jinsi vyombo vinavyosikika vimetandaa kushoto hadi kulia, ni nyembamba kuliko ya jozi ya juu, lakini kwa asiye na kitu ndiyo ya kuanzia, kwa sababu jozi utakayoinunua baadaye itachomekwa humo humo. Ukiweza kuongeza, chukua H6: ina njia nne za waya.

Maiki zinazosikia pande zote sawasawa nazipa nafasi ya tatu. Besi hutoka nene na ya kweli, lakini zinaokota feni, spika na minong'ono ya ukumbi mzima. Ni za ukumbi uliotulia.

Mwisho ni Shure SM58. Mdomoni haina kasoro. Mita 3 mbali utalazimika kuipandisha sauti mpaka ivume. Mwachie mwimbaji.

Na mwimbaji huyo, kama anatoka kwenye spika, omba waya wa sauti yake kutoka kwenye miksa uingize njia ya tatu ya rekoda. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo jozi iliyo mita 3 kutoka kwake itamsikia milisekunde 9 baada ya waya. Wakati wa kuhariri, icheleweshe njia yake kwa kiasi hicho, kisha uipandishe taratibu mpaka maneno ya shairi yasikike wazi, na hapo uache.