Kamera ya rivasi kwenye Probox ya mayai: uzoefu wangu wa miezi minane

Mimi nauza mayai. Mara tatu kwa wiki natoka nyumbani saa tisa usiku, nafika soko la mayai la Wangige giza bado limetanda, napakia, halafu nashuka nayo mitaa ya Nairobi, Umoja, Donholm na Kayole, kuwagawia wenye maduka na vibanda vya chapati. Gari ni Probox. Viti vya nyuma nimevilaza tangu siku niliyoinunua, na trei zikishapangwa, kioo cha kati hakinionyeshi barabara, kinanionyesha mayai. Kwa miaka minne nimepiga rivasi kwa vioo vya pembeni na kwa sauti ya kijana anayenisaidia kupakia: "Kuja, kuja, kuja... wee!" Ile "wee" huwa inafika bampa ikiwa imeshafika kwanza.

Nguzo ya geti nimeigonga mara mbili. Hilo nililivumilia. Ambalo sikuweza kulivumilia ni asubuhi moja hapa kwenye ploti, gia iko rivasi, mguu unaanza kuachilia breki, jirani anayeanika nguo ghorofa ya pili akapiga yowe. Nikashuka. Nyuma ya gurudumu la kulia alikuwa mtoto wa mama mmoja wa chumba cha chini, amechuchumaa, anapanga vifuniko vya soda kwenye vumbi, hata habari hana. Hakuna kioo kwenye gari lile kingemwonyesha. Siku hiyo niligawa mayai mikono ikitetemeka, na jioni nikaanza kuuliza bei za kamera.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hata Marekani walifika huko kwa njia hiyo hiyo. Sheria yao ya 2008 imepewa jina la mtoto wa miaka miwili aliyekanyagwa na gari la babake mwenyewe likirudi nyuma nyumbani kwao. Tangu Mei 2018 kila gari jipya la uzito wa chini ya pauni 10,000, yaani kama tani 4 na nusu, lazima litoke kiwandani na kamera. Kanuni yenyewe inataka dereva aone eneo la futi 10 kwa 20 nyuma ya gari, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Shikeni hizo namba mbili, nitazirudia.

Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini, nilizunguka mchana mzima. Kila duka lilitaka kuniuzia redio ya Android ya inchi 9. "Mathe, chukua hii, ina ramani, ina YouTube." Nikamwambia kijana mayai yangu hayatazami video. Pamoja na fremu na kazi ya fundi ingenitoka zaidi ya shilingi 20,000, na kwenye foleni ya Jogoo Road jioni, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto, skrini kubwa inayong'aa ni kumwita mwizi kwa jina. Skrini za inchi 7 za kusimamishwa juu ya dashibodi ni za bei nafuu, lakini mimi ni mfupi, ingenikata nusu ya barabara. Nikachagua ile inayovaa juu ya kioo cha kati: kioo cha kawaida, kinafungwa kwa mipira miwili, na ndani yake kuna skrini ya inchi 4.3. Usiporudi nyuma, ni kioo tu. Kwangu mimi ambaye kioo chenyewe hakina kazi gari likijaa, hapo ndipo mahali pake hasa.

Sasa kosa langu. Nilinunua isiyotumia waya, 4,800. Niliona nimekwepa kazi ya kubomoa gari. Muuzaji aliwasha kamera na skrini juu ya kaunta, kati yao hakuna hata nusu mita, picha safi kama maji. Hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba "bila waya" maana yake ni bila waya mmoja tu, ule wa picha. Kamera bado inataka umeme kutoka taa ya rivasi, na skrini bado inataka umeme wake huko mbele. Fundi bado atafungua plastiki zile zile.

Ikafungwa. Ikafanya kazi vizuri kabisa gari likiwa tupu. Nikipakia, picha inakatika-katika, mistari, halafu buluu tupu. Nikishusha mzigo, inarudi. Nilidhani ni waya umelegea, nikarudi kwa fundi mara mbili. Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu anayesomea umeme. Alitazama lebo ya kile kisanduku kinachorusha picha: 2.4 GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi, na yanayokaribiana sana na ya oveni ya maikrowevu. Akaniuliza yai ni nini ndani. Nikamwambia ute na kiini. Akasema, "Ni maji, shangazi. Robo tatu ya yai ni maji, na maji yanameza mawimbi haya. Umejenga ukuta wa maji kati ya kamera na skrini." Hapo sasa nikaelewa pia kwa nini ilikuwa inanisumbua zaidi hapa kwenye ploti, ambapo kila mlango una Wi-Fi yake, kuliko Wangige penye uwazi. Dukani walikataa kuirudisha, wakanionyesha maandishi madogo chini ya risiti. Nikampa mpwa, ameifunga kwenye Vitz yake na haijamsumbua. Kifaa si kibaya. Kibaya ni kukiweka nyuma ya mayai.

Ya pili nikanunua ya waya, kioo kile kile na kamera yake, 4,200, waya wa picha wa mita 6 ndani ya sanduku. Gari lina mita 4 na kidogo, lakini waya haupiti angani. Unapanda mlango wa nyuma, unafuata dari au chini ya plastiki za milango, unapanda nguzo ya mbele hadi kwenye kioo. Mita 6 zilitosha na zikabaki chache za kukunja.

Kazi ilifanyiwa Kirinyaga Road. Fundi wa kwanza niliyemkuta alitaka kuupitisha waya pembeni mwa mlango wa nyuma, ufungwe nao tu, "utabanwa na mpira hautaonekana". Niliondoka. Mlango ule naufungua na kuufunga labda mara 30 kwa siku, ungeukata ndani ya wiki, na kabla ya hapo ungeachia maji ya mvua yaingie kwenye trei. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alichomoa ule mrija wa mpira uliopo juu kati ya mlango na bodi, ambamo waya za kiwandani zinapita. Akaupaka waya wetu sabuni ya kuoshea vyombo, akauingiza pole pole kama mtu anayetia uzi sindanoni. Hapo peke yake alikaa dakika 40. Pini ya njano iliyo mwisho wa waya wa picha haikupita, akaikata, akapitisha, akaiunga tena kwa kulehemu, si kwa kusokota na tepu. Ukitaka kujua kama fundi anajua kazi, mwangalie kwenye huo mrija. Mengine yote ni rahisi.

Umeme wa kamera aliuchukua kwenye taa ya rivasi. Mimi nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikaingiza rivasi, yeye na testa yake akatafuta waya unaopata moto, yaani umeme, wakati huo tu. Waya mweusi wa kamera akaufunga kwenye chuma cha bodi baada ya kukwangua rangi kidogo. Kazi yote saa mbili na nusu, 1,500.

Mzee naye aliteleza mahali pamoja. Umeme wa skrini aliuchukua kwenye taa ya ndani ya dari kwa sababu iko hapo hapo karibu na kioo. Waya ule una moto saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kioo kikawa kinabaki macho, na kitaa kidogo cha buluu ambacho nilikiona kizuri. Niliegesha Jumamosi mchana. Jumatatu saa tisa usiku gari likasema "tk" basi. Betri yangu haikuwa changa, nakubali, lakini ilikuwa haijawahi kunifanyia hivyo. Tulilisukuma mimi, mlinzi na kijana wangu hadi likawaka, Wangige nikafika mayai makubwa yameshachukuliwa. Nilipompigia mzee akasema, "Pole mama, leta." Akauhamisha waya hadi kwenye soketi ya kuchajia simu, ambayo hulala ufunguo ukizimwa, na hakuniongezea hata shilingi. Nina bahati Probox yangu ina redio ya kawaida. Wenye zile redio za skrini za Toyota kutoka Japani mnajua betri ikifa zinavyoomba namba ya siri, ndipo mtu aanze kutafuta wa kuifungua.

Kuna vijiwaya viwili vya kitanzi vinavyoning'inia karibu na kamera, cheupe na cha kijani. Usimruhusu fundi avikate kwa mazoea. Kimoja hugeuza picha kushoto-kulia, kingine hufuta mistari ya kuongozea, na rangi zinabadilika kutoka mtengenezaji hadi mwingine, kwa hiyo soma kile kikaratasi. Yangu ilikuja picha ikiwa haijageuzwa: kijana amesimama kushoto kwangu, kwenye skrini yuko kulia. Nilizungusha usukani upande wa pili na kubomoa ndoo ya jirani. Tukakata kitanzi, mambo yakanyooka.

Mistari nayo ni ya kuangaliwa. Kijani, njano, nyekundu, kila mtu anadhani nyekundu ni nusu mita. Mimi nilichukua mitungi mitatu ya lita 20, nikaipanga nyuma ya gari kwa futi ya fundi seremala: nusu mita, mita moja, mita mbili. Mstari mwekundu uliangukia mtungi wa mita moja. Mtungi wa nusu mita ulikuwa chini kabisa ya skrini, unaonekana mdomo tu. Tukalegeza skrubu tukaiinamisha kamera kidogo, nikarudia. Halafu nikajaribu zile namba za Wamarekani: futi 10 ni mita 3, futi 20 ni mita 6. Mtungi mmoja kila kona ya eneo hilo. Kona za mbali zinaonekana. Zile mbili zilizo karibu na bampa, ile ya kushoto inapotea nusu, kwa sababu tuliiweka kamera kulia kidogo ya taa ya namba. Sanduku linasema kamera inaona upana wa nyuzi 170. Labda. Sekunde 2 inazitimiza, nimehesabu, picha inatokea kama baada ya moja na nusu. Ukiwa na haraka hiyo moja na nusu ni ndefu, na nimejifunza kuingiza rivasi na kungoja kabla ya kuachilia breki.

Neno "HD" kwenye sanduku lisikuongezee bei. Kama pini ni ile ya njano na skrini haijaandikwa AHD, ile aina ya picha safi zaidi, unachopata ni picha ya televisheni ya zamani, sanduku liseme litakalo. Kwa kumwona mtoto au mtungi inatosha.

Usiku ndipo nilipoteseka, na mimi ni mtu wa usiku. Taa za rivasi za gari hili zilikuwa za manjano dhaifu, picha ikawa uji. Balbu mbili nyeupe za LED, 600 zote, zilileta tofauti kubwa kuliko kamera yoyote ya bei ya juu niliyoonyeshwa. Zile taa ndogo zinazozunguka lenzi ni pambo. Mvua ikinyesha zinaangaza matone tu.

Mvua za Aprili ziliingiza ukungu kidogo ndani ya lenzi, ukatoka jua lilipowaka. Sanduku lilisema IP67, alama ya kuzuia vumbi na maji, na hiyo ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, si kupigwa na mashine ya presha. Vijana wa kuosha magari wanapenda kuielekeza pale pale kwenye namba, mahali penye matope. Sasa nashuka, nasimama karibu, nawaambia hapo ni kitambaa.

Hesabu yangu bila ile ya kwanza: 4,200 ya kifaa, 1,500 ya fundi, 600 ya balbu, jumla 6,300. Nikitoa nyota ni nne kati ya tano, na ile moja nimeinyima kwa sababu ya mwanga wa skrini. Gizani unaniumiza macho na kitufe cha kuupunguza hakifanyi lolote. Nimebandika kipande cha tinti niliyookota kwa fundi wa vioo, kinatosha kwa sasa.

Kijana wangu bado anashuka na kusimama nyuma. Bado anasema "kuja, kuja". Tofauti ni kwamba sasa ninamwona anavyopiga miayo.