Kava la godoro la zipu kwa mtoto mwenye pumu: baada ya miezi minne

Kava hili, linalofunika godoro pande zote sita na kufungwa kwa zipu, nililinunua Kariakoo baada ya daktari kunieleza kwamba kikohozi cha usiku cha binti yangu, mwenye pumu, huenda kinachochewa na utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula magamba ya ngozi yetu na kustawi katika hewa yenye unyevunyevu kama ya Dar es Salaam. Kinachodhuru hasa ni kinyesi chao, ambacho kikivutwa huzifanya njia za hewa zivimbe na kubana.

Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi zilizoshikana sana, nacho hakipigi kelele kama nailoni mtoto anapojigeuza, ingawa usiku wa joto huleta jasho. Kasoro ni zipu: kwenye kona iliacha upenyo wa kupitisha kidole, nikalazimika kuuziba kwa utepe wa gundi. Muuzaji alisema kava linatosha peke yake, si kweli. Shuka bado tunazifua kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, mto wa sufi tumeuondoa, na udi, jambo lililomuuma mama mkwe, haufukizwi tena ndani. Dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe anaendelea nayo kila siku kama alivyoandikiwa.

Kikohozi cha alfajiri kimepungua, ila siwezi kusema ni kwa sababu ya kava tu. Mwenye godoro jipya ningemshauri alinunue. Godoro lililokwisha kushika ukungu, heri libadilishwe kwanza.