Gereji iliyoniambia nikauze kitrekta cha baba kwa kilo

Naandika hii nikiwa bado na hasira, nimejaribu kusubiri nipoe nimeshindwa. Kuna gereji moja hapa Arusha mjini, jina silitaji, wanatengeneza jenereta, pampu za maji, mashine za kukatia majani na hivi vitrekta vidogo vya bustani. Nikawapelekea kitrekta cha marehemu baba. Hata hakijashushwa kwenye kirikuu, bosi wa pale akakiangalia kwa mbali, mikono mfukoni, akasema, "Dada umepotea njia, watu wa skrepa wako kule chini, wanapima kwa kilo." Watu wakacheka. Salamu yangu hakuitikia, karibu hakunikaribisha.

Kwa kilo jamani. Kile kitrekta baba alikinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa huku kwetu Usa River, mzungu alipokuwa anauza vitu arudi kwao, na baba alilipa kidogokidogo kwa kukatwa mshahara. Kimebeba samadi, kimebeba migomba, kimekata majani ya ng'ombe wetu na ya majirani, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye hayo majani. Baba alipoanza kuumwa kikaegeshwa chini ya mparachichi nyuma ya banda, miaka kama kumi hivi, kuku wakawa wanatagia juu ya kiti. Sasa mtu hajui lolote anakuja na habari za kilo.

Ningeondoka saa ile ile, ila kirikuu nilishalipia 80,000 kuja tu, na dereva alikuwa ana haraka. Nikasema kishusheni. Bosi akawa anaongea na dereva, mimi ananipita kama nguzo. Anamuuliza yeye, "kina muda gani hakijawaka?" Mimi ndo najibu, ye anamwangalia dereva. Nikimwambia engine imeshika, haizunguki hata kwa mkono, anamgeukia dereva, "anasema imeshika?"

Sasa lazima niseme ukweli hata kama naumia. Kulikuwa na chalii mmoja pale, mdogo mdogo, ovaroli limemzidi, yule aliniita pembeni akaniambia dada usijali, engine kushika sio kufa. Akafungua plagi, akamimina breki fluidi iliyochanganywa na oili kwenye tundu, akasema tuache siku tatu, mtu yeyote asilazimishe kuzungusha maana ringi zitakatika. Siku ya nne akanipigia simu, nikamsikia kwa nyuma anazungusha flaiwili kwa mkono, ile sauti ya kunyonya na kupumua. Pistoni imeachia! Nilikaa chini pale dukani kwangu nikalia. Kwa hilo tu ningewapa sifa zote, na mpaka leo nasema pale kuna fundi.

Ila fundi sio bosi. Wiki mbili baadae bosi mwenyewe kanipigia, stata imekufa, mpya 280,000. Nikalipa. Wiki ingine, koili, ile inayoipa plagi moto, nayo imekufa, 120,000. Nikaenda kuangalia. Akasimama pembeni ya kitrekta, hakuna aliyekaa juu, akawasha swichi, kimya. Akachukua bisibisi akagusisha vichwa vya stata, engine ikazunguka, plagi aliyoifungua akaiegesha kwenye bodi, haitoi moto. "Unaona? Umeme wote umekwisha hapa. Nilikwambia siku ya kwanza, kilo." Alilirudia tena hilo neno, mbele ya yule chalii, mbele ya wateja, kwa mtu aliyeshamlipa laki mbili na themanini.

Koili sikulipa. Nikaita kirikuu nikakirudisha nyumbani mvua inanyesha, tope mpaka magotini.

Watu wakanishauri niende CAMARTEC, maana wale kazi yao ni zana za kilimo na wapo hapa hapa Arusha tangu miaka ya 80, nilikuwa kweli nimeshapanga kwenda. Ila Jumamosi ya gulio pale Tengeru mama alikutana na mzee mmoja anayenoa visu vya mashine, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua, akamweleza. Jumapili baada ya kanisa mzee akaja na baiskeli, kimfuko cha spana na kipande cha msasa. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, chai akasema badae. Kitu cha kwanza aliuliza, "Ulipokuwa unawasha, nani alikuwa amekaa kwenye kiti?"

Nikamwambia hakuna mtu. Akatikisa kichwa tu.

Akanikalisha mimi, akaniambia kanyaga pedeli mpaka mwisho, washa. Kimya. Akasema sawa, shuka. Akalala chali kwenye majani mabichi na umri wake ule, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoka na kidude cheusi cha plastiki kikubwa kama kiberiti, waya mbili, ncha zimeota ukungu wa kijani. Ndo swichi ya kiti. Kumbe hivi vitrekta vya majani vingi havikubali kuwaka kama hakuna mtu juu au hujakanyaga breki, stata inanyimwa umeme na plagi nayo inazimwa moto, kwa sababu chini kuna visu, na dereva akianguka engine inatakiwa izime yenyewe. Kitrekta kilikuwa kinaamini hakuna mtu juu yake! Wiki zote zile! Akasugua zile ncha kwa msasa, akaifanyia kazi ile springi ya ndani mpaka ikawa inarudi ikibonyezwa, akarudishia. Jirani akasema mzee si uunganishe moja kwa moja hizo waya tumalize, mzee akakataa katakata, akasema hapa nyumbani kuna watoto.

Nikakaa, nikakanyaga, nikawasha, stata ikapiga. Alafu sikilizeni hii: akaifungua stata mpya, akafunga ile ya zamani ya baba ambayo walinirudishia kwenye rambo. Nayo ikapiga. Ikapiga vizuri kabisa! Hapo ndo damu ilinichemka upya, nilisimama nikatembea mpaka getini nikarudi.

Kuwaka bado. Akashusha kabureta, bakuli la chini lina kitu cha kahawia kinachonata kama asali iliyoungua, ndo petroli ya miaka kumi hiyo, na mimi nililipishwa kusafisha kabureta kule, risiti ninayo. Jeti, njia ya petroli mle ndani ya kabureta, ina katundu hata kwa macho hukaoni, alikapitisha uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa redio. Petroli mpya, kikakohoa mara mbili, moshi mweupe, kuku wote mbio, kikawaka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, hakusema kitu, aliweka mkono kwenye boneti tu.

Dakika kumi kikazima. Mi nikasema basi, labda yule bosi alikuwa sahihi, nilisema kabisa kwa mdomo wangu. Mzee akafungua mfuniko wa tenki taratibu, tukasikia fyuuu, hewa inaingia. Mfuniko una katundu ka kupumulia, nyigu walikaziba kwa udongo, mafuta yakipungua tenki linajinyonga, petroli haishuki. Sindano ya mama ya kushonea ikamaliza kazi. Kimekata majani mpaka jua limezama.

Mzee nililipa 40,000 kwa nguvu, alitaka 25,000.

Sasa niseme nini kuhusu ile gereji. Nilianza nikitaka kuandika msiende kabisa. Alafu namkumbuka yule chalii, bila yeye mzee angekuta engine imeshika na labda tungeishia hapo. Kwa hiyo kama engine yako imeshika nenda, muulizie kijana wa ovaroli kubwa, mpe kazi yeye, na pesa ya kwake mpe mkononi. Hapana, sijui, maana hata hivyo utapita kwa bosi, na bosi atakuuzia stata. Mji huu huu uliokuwa unatengeneza matairi, mtu ana gereji ya mashine za majani na hajui kuna swichi chini ya kiti? Au alijua? Hilo ndo linanikosesha usingizi, kama alijua.

Stata yao nimeifuta oili, ipo kwenye boksi lake na risiti zote. Jumatatu naipeleka nataka 280,000 yangu, na nataka aniambie mimi, sio dereva.