Journal of African Earth Sciences: uzoefu wangu kama msomaji na mwandishi, na hii ishu ya impakt fakta

Wadau wa miamba habari za kazi. Kila mwaka ikifika mwezi wa sita Clarivate, kampuni inayohesabu nukuu za majarida, wakitoa zile namba zao za impakt fakta, yani wastani wa makala za jarida kunukuliwa, magrupu yetu ya wajiolojia yanachangamka, watu wanatupia skrinshoti, jarida lipi limepanda lipi limeshuka, halafu wanafunzi wa masta wanaanza kuuliza sasa mi pepa yangu niipeleke wapi. Nimeona bora niandike kuhusu jarida ninalolitumia kuliko yote, Journal of African Earth Sciences, wengi tunaliita JAES tu, nimelisoma tangu nikiwa digrii ya kwanza na baadae nimechapisha humo. Msimamo wangu nauweka mapema kabisa: kama kazi yako ni miamba ya huku kwetu na swali lako linajibiwa na hiyo miamba, hapa ndo mahali pake, hata kama namba yake inazungukia 2 na pointi wakati Nature Geoscience iko zaidi ya 10.

Kwa asiyelijua, lilianza 1983 na sasa liko chini ya Elsevier. Kuna kipindi jina lake lilibeba na Mashariki ya Kati kwa nyongeza. Linachukua jiolojia karibu yote, miamba ya kale, mabeseni ya mafuta na gesi, maji ya ardhini, madini, visukuku, matetemeko, sharti tu kazi ihusu bamba la Afrika au maeneo ya pembeni yenye uhusiano wa karibu nalo. Ukifungua toleo lolote utakuta Misri wamejaa, Moroko wamejaa, Algeria, Nigeria, Kameruni, na sisi wa Tanzania tunatokea tokea. Mwanafunzi anaweza kuona hizo za Misri hazimhusu lakini mi nimejifunza sana kutoka kwa watu wa Jangwa la Mashariki kule Misri, kwa sababu wao wako kaskazini ya orojeni ileile (ukanda wa milima uliotokana na mabara kugongana) ambayo huku kusini ndo Ukanda wa Msumbiji, milima yetu ya Uluguru, Usambara na Pare.

Hapo niongelee pepa moja maana ndo imenibeba. Fritz na wenzake, 2013, humo JAES, mapitio ya orojeni nzima ya Afrika Mashariki kuanzia huko juu mpaka Msumbiji na Madagaska. Kabla ya hiyo ukitaka kuelewa granulaiti za Tanzania (miamba iliyopikwa kwa joto kali chini sana ya ardhi) unasoma makala moja ya Mjerumani wa miaka ya tisini, nyingine ya Mwingereza, ramani za QDS za Dodoma (zile shiti za robo digrii) ambazo shiti hii na shiti ya jirani majina ya miamba hayaungani, yani unashona mwenyewe. Wale jamaa walikaa wakashona kwa niaba yetu. Wakaweka Granulaiti za Mashariki upande wake, ganda jipya la dunia la enzi ya Neoproterozoiki lililopata joto na mgandamizo mkubwa kama miaka milioni 650 hadi 620 iliyopita, na Granulaiti za Magharibi upande wake, ganda la zamani zaidi lililopikwa upya. Mimi sampuli zangu zinatoka Uluguru, kwa hiyo niliposoma ile makala ndo nikajua swali langu linakaa wapi na nani nabishana nae.

Na nyingine ni ya Chorowicz 2005 kuhusu mfumo mzima wa Bonde la Ufa, hiyo sidhani kama kuna mtu amesoma jiolojia Dar, Nairobi au Makerere akaikwepa. Kuna Borg na Krogh 1999, umri wa zirkoni (punje za madini zinazotunza umri wa mwamba) mojamoja kutoka mkanda wa grinistoni (lava za kale zilizobadilika) wa Sukumaland, watu wa dhahabu Geita mpaka leo wanaitaja kwenye pepa zao. Angalia hiyo miaka sasa. 1999, 2005, 2013. Hizi ndo makala zinazolibeba jarida kwa maana halisi ya kubeba, na hakuna hata moja inayoongeza chochote kwenye impakt fakta ya mwaka huu.

Kwanini? Kwa sababu ya jinsi inavyopigwa. Wazo ni la Eugene Garfield, alilitoa 1955, na hesabu yenyewe ni nyepesi: unachukua nukuu ambazo jarida limepata mwaka huu kwa makala za miaka miwili tu iliyopita, unagawa kwa idadi ya makala za hiyo miaka miwili. Tuseme jarida limechapisha makala 500 kwa miaka miwili, mwaka unaofuata zikanukuliwa mara 1,100, basi impakt fakta ni 2.2. Imeisha. Makala ya mwaka wa tatu haihesabiki, ya mwaka wa kumi haihesabiki, hata kama dunia nzima inaisoma.

Kwa watu wa tiba au kompyuta miaka miwili ni mingi, kitu kinatoka leo kesho kimepitwa. Jiolojia haiendi hivyo. Mtu anasoma pepa yako leo, anaandika maombi ya hela, hela inatoka mwaka kesho kama inatoka, anasubiri kiangazi aende fildi, anabeba mawe, mawe yanasafirishwa nje kukatwa na kupimwa maana maabara ya kupima zirkoni kwa uraniamu na risasi huku kwetu ni shida, majibu yanarudi, anaandika, marivyuwa (wahakiki wa jarida) wanakaa nayo. Mpaka anakunukuu wewe dirisha la miaka miwili limeshafungwa zamani.

Mfano mzuri kuliko wote tunao wenyewe hapa Arusha. 1962 Barry Dawson alichapisha kwenye Nature habari ya lava za Oldoinyo Lengai zilizoonekana kuanzia 1960, lava ya kabonati ya sodiamu, inatoka ikiwa na joto kama nyuzi 500 hadi 600 tu wakati basalti inafika 1,100 na zaidi, inatoka nyeusi tii ikikaa na unyevu inageuka nyeupe, mpaka watu wa mbali wakiona kilele walikuwa wanadhani theluji au magadi. Hakuna volkano nyingine hai duniani iliyoonekana ikitoa kitu kama hicho. Ile makala inanukuliwa mpaka leo, zaidi ya miaka 60, kila mtu anaeandika kuhusu kabonataiti (miamba ya moto ya kabonati kama hii) lazima apite hapo. Kwenye impakt fakta ilikufa tangu katikati ya miaka ya sitini, na hicho ndicho kipimo tunachotaka kitupimie kazi zetu.

Sasa uzoefu wa kuchapisha. Ile kazi yangu ya Uluguru mwanzo supavaiza alitaka twende jarida kubwa, la jumla, sitalitaja. Jibu lilirudi haraka sana bila hata kwenda kwa marivyuwa, kwamba kazi ni nzuri ila ni ya kieneo mno, haina mvuto kwa wasomaji wa kimataifa. Iliniuma kwa kweli, kwa sababu kwenye majarida hayohayo unakuta kijibonde kimoja cha Alps kina makala kumi na hakuna anaesema ni ya kieneo. Tukageuka JAES.

Marivyuwa walikuwa wawili na walisoma kweli, unajua tu mtu aliyesoma na mtu aliyepitia. Mmoja ilionekana wazi kafanya kazi Ukanda wa Msumbiji miaka mingi, alitaka jedwali lote la uchambuzi wa madini ya ganeti, katikati ya punje na pembeni yake, nukta kwa nukta, liwekwe kwenye viambatisho ili mwingine aweze kurudia hesabu ya joto na mgandamizo mwenyewe. Akauliza mwelekeo wa foliesheni (matabaka ya madini yaliyojipanga ndani ya mwamba) kwenye sehemu tatu za ramani ambazo sisi tulikuwa tumeziandika kwenye daftari la fildi tu. Akasema eneo fulani la mwamba wa anothosaiti tulitenganishe na miamba ya gnaisi inayolizunguka kwa rangi tofauti. Yule wa pili alikuwa mfupi, yeye shida yake umri, kwamba tafsiri yetu ya mduara wa nje wa zirkoni iendane na wenzetu wa Madagaska. Pepa ilitoka ikiwa imara kuliko ilivyoingia, hicho ndo ninachokithamini. Pale kwenye jarida kubwa hata mtu wa kuniuliza foliesheni sikumpata.

Baada ya kutoka saitesheni (nukuu) zilianza kuja polepole na nilikuwa nafungua Google Scholar kuangalia ni nani. Hapa ndo nawasihi wadogo zangu mliopo masta, usiangalie namba tu, fungua uone majina. Zangu zilitoka kwa watu wa Madagaska, Ethiopia, mmoja wa kusini mwa India ambao zamani tulikuwa bara moja nao kwenye Gondwana, na wenzetu wa Tanzania. Hao ndo watu niliowaandikia. Na kuna faida nyingine haiingii popote kwenye mahesabu, mjiolojia wa kampuni inayotafuta grafaiti upande wa Mahenge alinitafuta kwa imeili kuomba faili la ramani maana miamba ni ya ukanda uleule, akalitumia kupanga mistari yake ya kuchimba trenchi. Clarivate hawana namna ya kulihesabu hilo, Scopus, hifadhidata ya nukuu ya Elsevier, na CiteScore yao ya dirisha la miaka minne nao hawana, japo minne kwetu ni afadhali kuliko miwili. Kama mnataka kipimo cha kulinganisha angalieni na kile cha nusu maisha ya nukuu, kinaonyesha makala zinazonukuliwa zina umri gani, kwa majarida ya jiolojia huwa kirefu na mimi naona kinasema ukweli zaidi kuhusu kazi yetu.

Mapungufu yapo na yananikera. Kubwa ni ukuta wa malipo. Jarida linaitwa la Afrika, miamba ni ya Afrika, halafu afisa madini wa mkoa au mwalimu wa sekondari Morogoro akitaka kusoma kuhusu mlima anaouona dirishani anaambiwa alipie kwa dola. JAES unaweza kuchapisha bila kulipa chochote kama utakubali makala ikae nyuma ya ukuta, na ukitaka iwe wazi kwa wote kuna ada ya dola elfu kadhaa, sasa nani ana hiyo kwenye bajeti ya masta? Vyuo na taasisi zetu zinaweza kupata bure kupitia mpango wa Research4Life, Tanzania imo kwenye nchi zinazostahili, nendeni maktaba mkaulize paswedi maana wanafunzi wengi wanahangaika na hawajui kama ipo. Ila mtu akishamaliza chuo akaenda mtaani au kampuni ndogo hiyo njia imekatika.

Na kuna upande mwingine wa hii homa ya impakt fakta ambao ni hatari. Kwa sababu vyuo vinahesabu machapisho ili mtu apande daraja, kumejaa majarida yanayotuma imeili usiku na mchana, mpendwa profesa, tutachapisha ndani ya siku tatu, na yana impakt fakta ya kujitungia kabisa, wameibandika kwenye ukurasa wa mbele na tarakimu zake tatu baada ya nukta. Mwenzangu alitumiwa ankara kabla hata hajapata maoni ya rivyuwa mmoja. Namba halisi ya Clarivate jarida linatakiwa liwe ndani ya Web of Science, hifadhidata yao, angalia huko, au ingia SCImago, orodha ya majarida ambayo ni bure, jarida likijisifia impakt fakta halafu halipo kotekote achana nalo. Kama kazi ni ndogo na ya nyumbani kuna Tanzania Journal of Science ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko wazi, inapatikana AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, afisa wa mkoa ataisoma bila kulipa senti, na mimi naiheshimu kuliko hayo ya siku tatu mara mia.

JAES naipa nyota nne kati ya tano, moja imekatwa na ule ukuta. Kwa anaekaribia kuchapisha humo: makala ikitoka Elsevier wanakupa linki ya bure inayofanya kazi siku 50, isambaze siku hiyohiyo kwa watu wa GST Dodoma (taasisi ya jiolojia ya taifa), kwa maafisa madini, kwa kijiji ulikochukua sampuli kama kuna mwalimu anaeweza kuisoma. Ule muswada uliokubaliwa, kabla haujapangwa kurasa, tunza nakala yake, kipindi cha zuio la mchapishaji kikiisha unaruhusiwa kuuweka kwenye hazina ya chuo chako na hapo mtu yeyote anaupata. Wangu upo huko tayari, na ramani yake yenye zile alama za foliesheni.