HP5 Plus kwa ISO 1600 ndani ya Microphen: uzoefu wangu wa kupiga picha penye mwanga hafifu

Nimemaliza roli ya 19 ya Ilford HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha kasi ya filamu kunasa mwanga), niliyoipiga kwa ISO 1600 na kuisafisha kwa dawa ya Microphen, na sasa naona ninaweza kuizungumzia bila ile pupa iliyonishika baada ya roli ya kwanza. Zote ni za milimita 35, zote isipokuwa moja nimezisafisha kwa mikono yangu, na karibu zote zilipigwa usiku au ndani ya majengo: wanamuziki kwenye ukumbi wenye taa chache, seremala akimalizia kazi chini ya globu moja, watu wakipanda ngazi zisizo na dirisha.

Sababu ya kuanza ilikuwa hesabu ndogo tu. Katika chumba kilichowashwa taa moja usiku, nikifungua lenzi hadi f/2, yaani tundu pana, na filamu ikiwa ya ISO 400, kipimamwanga changu hunipa sekunde 1/30 hivi. Kwa kasi hiyo mkono wangu hutulia, lakini anayezungumza huku akitikisa kichwa hatulii, na picha hutoka na macho mawili yaliyofanana na ukungu. Nikikiambia kipimamwanga kwamba filamu ni ya ISO 1600, napata 1/125, nayo hutosha kumnasa mtu katikati ya kicheko. Huko ndiko kusukuma filamu: kuipiga kana kwamba ina kasi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye boksi, kisha kuirefushia muda ndani ya dawa ili kufidia mwanga iliyonyimwa. Kutoka 400 hadi 1600 ni hatua mbili, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu, maana yake filamu imepata robo tu ya mwanga iliostahili.

Neno lenyewe la kusukuma lilinipotosha mwanzoni, kwa kuwa nilidhani dawa huiongezea filamu kasi. Haifanyi hivyo, au hufanya kwa kiasi kidogo mno. Mwanga unapoigusa filamu huacha alama isiyoonekana kwenye chembe za chumvi ya fedha, na kazi ya dawa ni kuzigeuza chembe zilizoguswa ziwe fedha nyeusi. Pale ambapo mwanga haukufika vya kutosha hakuna alama, na dawa haiwezi kukuza kisichokuwepo hata ukiiacha filamu ndani ya tangi la kusafishia hadi asubuhi. Muda wa ziada hunufaisha uso uliomulikwa, shati jeupe na ukuta wa nyuma ya taa. Sehemu hizo huzidi kuwa nzito kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa, ambamo penye mwanga huonekana peusi, huku vivuli vikibaki karibu na utupu. Matokeo yake ni picha yenye weusi uliokolea, weupe unaokaribia kuungua, na ngazi chache za kijivu kati yake. Anayependa kuona kila mkunjo wa koti jeusi kwenye kona yenye giza atasikitika. Mimi nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kubonyeza: je, kitu ninachokitaka kiko kwenye mwanga? Kama kiko, nasukuma. Kama kiko kivulini, naweka kamera kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, na kupiga kwa 400.

Microphen nimeichagua kwa sababu imetengenezwa kwa kutumia fenidoni, kemikali inayojulikana kwa kuchuna kitu kidogo zaidi kutoka kwenye vivuli kuliko dawa za kawaida za metoli kama D-76, ambayo imekuwapo tangu 1927. Tofauti yenyewe si ya miujiza. Nilipoziweka sambamba negativu za ukumbi uleule, moja ya Microphen na nyingine ya ID-11, dawa ya Ilford inayofanana na D-76, ile ya Microphen ilionyesha ukingo wa kinanda ambao kwenye nyingine ulikuwa umemezwa, lakini nyuma ya kinanda zote mbili hazikuwa na lolote. Muda nao ni mfupi: kwa dawa isiyozimuliwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, HP5 Plus huhitaji dakika 6 na nusu kwa 400, dakika 8 kwa 800, dakika 11 kwa 1600 na dakika 16 kwa 3200. ID-11 huomba dakika 14 kwa kazi ileile ya 1600.

Dawa huja kama poda katika vifuko viwili vinavyoyeyushwa kwa zamu ndani ya maji ya vuguvugu hadi kupata lita moja. Kifuko cha pili kilinisumbua mara mbili kwa kuacha punje chini ya jagi, na nikagundua kwamba kosa lilikuwa langu la kutokuwa na subira: kumimina polepole huku ukikoroga huondoa tatizo hilo kabisa. Naihifadhi kwenye chupa zilizojazwa hadi shingoni, kwa kuwa hewa ndiyo huiharibu. Kwenye roli zilizosukumwa situmii tena dawa iliyokwisha kusafisha filamu nyingine, ingawa inaruhusiwa kwa kuongeza muda, kwa sababu pale ambapo kila kivuli kimeponea chupuchupu sitaki kubahatisha nguvu ya dawa.

Jambo lililobadilisha negativu zangu kuliko jingine lolote ni namna ya kupindua tangi. Katika roli nne za mwanzo nililipindua kwa bidii ya mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi, nikiamini kwamba filamu iliyonyimwa mwanga inahitaji kusaidiwa. Nilichokisaidia ni taa. Kila globu iliyokuwamo ndani ya fremu iligeuka doa jeusi kwenye negativu, na mashine ya kukuzia picha haikuweza kulipenya. Sasa napindua mara nne ndani ya sekunde 10 mwanzoni mwa kila dakika, kwa utulivu, kisha naliacha tangi. Dawa iliyo juu ya sehemu zenye mwanga mkali huchoka mapema kwa kuwa ndiko ina kazi nyingi, wakati ile iliyo juu ya vivuli ingali na nguvu; kutikisa kupita kiasi huleta dawa mpya pale isipotakiwa. Tangu nibadilike, nachapisha picha nyingi kwa karatasi ya gredi 2 (gredi ni kiwango cha ukali wa tofauti kati ya weusi na weupe), ambapo awali nililazimika kushuka hadi gredi 1 au chini yake na kupata kijivu kisicho na uhai.

Joto nalo si la kupuuzwa. Nyuzi mbili za ziada katika roli ya 7 ziliniletea negativu nzito kuliko nilivyokusudia, na kwa filamu ambayo tayari imerefushiwa muda hakuna nafasi ya ziada ya kusameheana.

Upimaji wa mwanga ndio uliokula fremu zangu nyingi. Kipimamwanga cha kamera huona globu iliyo nyuma ya mwimbaji na kudhani ukumbi mzima unang'aa, hivyo hunipa kasi kubwa, na mwimbaji anageuka kivuli cheusi. Roli nzima ya 5 ilipotea hivyo, fremu 36, nami nililaumu dawa kwa wiki mbili kabla ya kuelewa. Siku hizi nasogea karibu, napima uso peke yake au kiganja changu nikiwa nimekiweka kwenye mwanga uleule, nafunga vipimo hivyo, na sivigusi tena hadi taa zibadilike. Ngozi yenye weusi wa wastani naipiga kama kipimo kilivyosema. Ngozi nyeusi sana naipunguzia mwanga kidogo isipoteze rangi yake, lakini kwa uoga, maana kwenye filamu iliyosukumwa kupunguza nusu hatua kunaweza kumaanisha kupoteza upande mzima wa shavu.

Chembe zinaonekana, wala sitaki kumdanganya mtu. Kwenye karatasi ya sentimita 20 kwa 25 zinahesabika ukikaribisha macho, na kwenye skani zinajitokeza zaidi, hasa katika kijivu cha kuta na anga. Hata hivyo ni chembe zenye makali, zinazoifanya picha ionekane kali hata pale lenzi ilipokuwa wazi kabisa. Nazipenda. Mwenzangu mmoja anayezichukia hupiga kwa 800 tu, na kwa kweli 800 ni kasi ambayo HP5 Plus huibeba bila kulalamika.

Roli mbili kati ya hizo 19 nilizigawa: nikapiga nusu ya kila moja kwa 1600 na nusu kwa 3200, kisha nikalazimika kuchagua muda mmoja wa kuzisafisha, kwani filamu moja haiwezi kukaa ndani ya dawa kwa muda wa aina mbili. Lilikuwa jaribio la kijinga, lakini fremu za 3200 zilinitosha kujua mwisho wa filamu hii kwangu, na jaribio la baadaye kwenye kipande kilichosafishwa dakika 16 kamili lilithibitisha. Hapo nahamia Delta 3200, filamu nyingine ya Ilford. Jina lake linavutia kuliko uhalisia, kwa maana kasi yake halisi ni ISO 1000 hivi, lakini hiyo maana yake ni kwamba kuipiga kwa 3200 ni kuinyima hatua moja na theluthi mbili, huku HP5 Plus ingenyimwa tatu. Tena imeundwa na upole wa asili, hivyo haikimbilii weusi na weupe kwa haraka. Bei yake ni ya juu na chembe zake ni nene, kwa hiyo siinunui isipokuwa kwa kumbi zenye giza la kweli.

Ile roli moja ambayo sikuisafisha mwenyewe niliipeleka kwa watu wa kazi hiyo, nikaandika 1600 kwenye bahasha, nayo ikasafishwa kwa muda wa kawaida wa 400. Negativu zilirudi nyembamba kiasi cha kusomea gazeti kupitia kwake, na bahasha ilikuwa imetupwa. Tangu hapo, mara filamu inapotoka kwenye kamera, naandika kasi kwenye kopo lenyewe kwa kalamu isiyofutika, hata kwa roli ninazojua nitazisafisha mwenyewe jioni ileile.