TAHADHARI: Pikipiki ikigonga mbele usikubali haraka kuuziwa shokapu, Ngamiani kuna fundi anatupiga

Wakuu habari za mihangaiko. Wenzangu wa bodaboda Tanga mjini someni hii kabla hamjapeleka chombo kwa fundi mmoja pale Ngamiani, barabara ya ngapi sisemi, maana mafundi wengine wa mtaa ule ni watu safi wasije wakaponzwa bure.

Boxer yangu ya mkataba ilianza kugonga mbele, ko! ko!, lakini kwa kujisikia. Lami ya Raskazone unateleza kimya, ukishika breki karibu na tuta inagonga, kesho ukiitegea sikio haigongi kabisa. Nikampelekea huyo jamaa wa Ngamiani, akaikandamiza mbele mara mbili tatu, "shokapu zimekufa hizi kijana wangu", akaomba aizungushe kidogo asikilizie. Aliporudi inagonga kila kishimo nikaamini. Laki na ishirini pea, eti orijino, zipo kwenye nailoni yake. Za zamani akaniambia niache tu, atauza chuma chakavu apate hela ya soda.

Siku ya tatu ko ko hiyo imerudi, na hesabu ya bosi hailali.

Nikaenda kwa mzee mmoja Makorora, hata spana hakushika. Kaweka stendi ya kati, kaniambia nikalie nyuma tairi la mbele linyanyuke, afu akashika miguu ya shokapu kule chini karibu na ekseli akavuta akasukuma, inacheza, na kinachocheza kipo juu shingoni. Akageuza usukani taratibu, ukifika katikati unanasa kama umeingia kwenye kishimo. Gololi za stelingi zimekula vikombe vyake, vile vyuma zinamozungukia, na nati ya juu imelegea, ndo maana kelele inakuja na kupotea, ukienda mwendo mmoja kwenye lami uzito unaibana, ukishika breki au ukipiga tuta ndo inapata nafasi. Akalitikisa na tairi kulia kushoto kuangalia beringi, zima. Akagusa bolti za madigadi, zimekaza. Gololi na vikombe na ufundi elfu ishirini jumla, mpaka leo kimya.

Ila ile nati ilikuwa na alama za spana mbichi kabisa, na mimi shingo hiyo sijawahi kuigusa. Jumlisheni wenyewe.

Sa hizo shokapu "mpya". Mzee akanyanyua mpira wa vumbi, chini yake bomba lina vidoa vya kutu vimesuguliwa na msasa, si mnajua chumvi ya huku kwetu inavyokula chuma. Rangi ya silva imepuliziwa mpaka ndani ya tundu la ekseli, na tundu lenyewe limeshalika. Oili tuliyomwaga nyeusi tii, ya injini. Kwa hiyo kitu mpya angalieni hapo kwenye tundu na chini ya mpira kabla hamjatoa hela, na spea yako ya zamani ondoka nayo hata kama ni takataka.

Maana juzi kijiweni Kange mwenzetu kaja na shokapu mpya, kanunua kwa huyohuyo jamaa, anazisifia. Nikapitisha kucha mguu wa kulia, chini ya rangi kuna mkwaruzo mrefu wa kukata upande. Mkwaruzo wangu ule, nilianguka nao Pongwe mwaka jana.