Meli ya Nile, Luxor hadi Aswan: uzoefu wangu na mama

Dirisha la chumba chetu lilikuwa kubwa vilevile kama kwenye picha. Ila usiku wa kwanza, nilipofungua pazia nione Mto Nile, nikamwona babu mmoja wa Kizungu, hatua mbili kutoka puani pangu, anapiga mswaki. Meli za Luxor, huku Misri, hufungwa gatini ubavu kwa ubavu, nne hata tano, na yenu ikiwa ya katikati basi mto mtausikia tu. Kwenda nchi kavu mnakatiza ndani ya meli za wenzenu, mapokezi hadi mapokezi, mnasalimia watu kama mnaopita uani kwa jirani. Moshi wa dizeli nao unaingia bila hodi. Kwenye tangazo hayo hayapo, ndiyo maana nimeanza nayo.

Nilisafiri na mama, mtu wa Mwanza, miaka 71, magoti yanamsumbua. Ilikuwa Novemba, na usimpeleke mzazi huko Julai, joto la Luxor linapita nyuzi 40. Siku nne za kulala melini tulilipa dola 440 kila mmoja. Humo mna milo mitatu, mwongoza watalii anayesema Kiingereza, na viingilio vya mahekalu makubwa. Maji ya kunywa hayamo. Mnaelea juu ya Nile na chupa ya maji mnaandikiwa bili! Siku ya mwisho inaletwa bahasha ya bakshishi, na mhudumu anakaa karibu kuangalia unaandika nini juu yake.

Chakula kizuri. Mama alikuwa anakizungukia kwa mashaka hadi siku ya pili walipoleta molokhia, akaonja, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, huu si mlenda?" Ndio mlenda kabisa, wameutia vitunguu saumu vingi. Tangu hapo mpishi akawa rafiki yake.

Sasa niseme lililoniudhi kuliko dirisha. Meli zote hizi zina ratiba moja. Zinaondoka pamoja, zinafika pamoja, na abiria wake wote wanashushwa kwenye hekalu moja saa ileile. Hekalu la Karnak tulifika saa nne asubuhi na kila aliyekuwa Luxor siku ile alikuwa nasi. Ukumbi wake mkuu una nguzo 134, za katikati zinafika mita 21 hivi, na mimi nilichokiona zaidi ni visogo vya watu. Kesho yake nikachukua teksi alfajiri kwa pesa yangu, nikanunua tiketi nyingine, nikaingia lango lilipofunguliwa. Nguzo zilezile, kimya, njiwa tu na mfagiaji mmoja. Ukinyoosha shingo pale juu unaona rangi bado imeng'ang'ania penye kivuli, bluu na nyekundu, imekaa tangu enzi za farao Seti wa Kwanza na mwanawe Ramses wa Pili. Fanya hivyo. Ni dakika chache kutoka gatini, na utarudi kabla chai haijaondolewa mezani.

Ng'ambo ya magharibi, Bonde la Wafalme walikozikwa mafarao, tiketi ya kawaida inafungua makaburi matatu. La Tutankhamun, farao aliyekufa kijana, alilolikuta Mwingereza Howard Carter mwaka 1922, lina tiketi yake. Ni dogo, na mwenyewe bado amelala humo ndani, kijana mwembamba mweusi chini ya shuka. Nilitoka nimenyamaza. Mama aliangalia ngazi za kushuka, akakaa kivulini na chupa yake ya maji ya dola.

Hekalu la Hatshepsut, farao mwanamke, ndilo nililolingojea, na ndilo tulilopewa dakika arobaini, kupanda na kushuka humohumo. Kwenye ukuta wa baraza la kati kumechongwa safari aliyoituma nchi ya Punt. Wasomi wengi wanaiweka Punt pwani ya Bahari ya Shamu kuelekea Pembe ya Afrika, kwa hiyo hapo ndipo Misri ilipokuja upande wetu kununua ubani. Tafuta miti: wapagazi wamebeba miti mizima ya manemane, mizizi imo kapuni, wakaipande mbele ya hekalu. Kuna na nyumba za Wapunti, zimejengwa juu ya nguzo, ngazi imeegemezwa mlangoni. Mwongoza watalii wetu, kijana mpole lakini mwenye saa mkononi, alipita pale akisema "biashara, biashara" huku akitembea.

Alasiri tukang'oa nanga, na hapo nikaanza kuisamehe meli. Ng'ambo mbili za kijani, mitende, mashamba ya miwa, watoto wanaogesha nyati, halafu ghafla jangwa, kana kwamba mtu kalichora kwa rula. Baharia mmoja alikuwa akiuita mto *bahr*. Mama akauliza, "Bahari gani hii naiona ng'ambo?"

Esna ndipo penye vituko. Pale mto umezuiwa, kwa hiyo meli inaingia kwenye chumba chembamba cha zege, lango linafungwa nyuma, maji yanajazwa nanyi mnapanda taratibu pamoja na meli. Wakati mnasubiri zamu, wachuuzi wanakuja na mitumbwi, wanajifunga kamba ubavuni mwenu, wanarusha nguo hadi sitahani zikiwa kwenye mifuko ya nailoni. Ukipenda, unatia pesa mfukoni unarusha chini. Usipopenda, unarusha nguo. Gauni la zambarau likatua miguuni pa mama.

"Bei gani?" akapaza sauti, Kiswahili tu.

"Mitein wa khamsin, ya hagga!" Hagga ni heshima yao kwa mama mtu mzima aliyehiji. Mama yangu ni wa kwaya ya kanisani.

Yeye akashika neno la mwisho. "Hamsini! Mwambie sawa." Nikamnong'oneza kwamba ametaja mia mbili mbele yake. Akabadilika uso. "Ghali!" Yule mtu akacheka hadi mtumbwi ukayumba, maana ghali ni ghali kwake pia. Wakavutana hivyo kama robo saa, ghali, rahisi, nusu, mia, sitini, themanini, kila mmoja kwa lugha yake na wanasikilizana vizuri kuliko mimi na Kiingereza changu. Wakamalizana kwa paundi za Misri mia na hamsini. Abiria wakapiga makofi.

Edfu ni farasi wa kuwavuta watalii hadi hekaluni, na vumbi. Wale farasi wengine wamekonda, mimi ningetafuta gari. Hekalu la mungu Horus lenyewe ni zima kupita yote tuliyoyaona, lilianzwa mwaka 237 KK likamalizwa 57 KK, kisha mchanga ukalifukia karibu hadi juu. Dari zina masizi ya moto wa zamani, wa kabla halijafukuliwa miaka ya 1860. Kom Ombo tulifika jua linazama, meli zote tena, lakini jumba la mamba ukingoni lina mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale, wamepangwa kama samaki wa kubanika. Mama anatoka ziwani, mamba kwake ni mwuaji. "Sisi tunamkimbia, hawa walimpaka dawa wakamzika!" Akataka picha.

Aswan tulipata gati ya nje, hatimaye. Hekalu la Philae mnalifikia kwa boti. Hekalu lile lilihamishwa jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1970 hadi kisiwa cha Agilkia, na mwandiko wa mwisho wa maumbo ya Kifarao unaojulikana, wa mwaka 394 BK, umo humo. Abu Simbel, hekalu la Ramses wa Pili, ni nyongeza ya bei na mnaondoka usiku wa manane. Nilienda peke yangu, na nikaona ajabu mara mbili, mara moja kwa Ramses na mara ya pili kwa wale waliolikata vipande kati ya 1964 na 1968 wakalipandisha mita 65 maji ya bwawa la Aswan yasilimeze.

Jioni ile mama alimwuliza mwongoza watalii kama maji haya yametoka kwao Mwanza. Kijana akasema ukweli: mengi yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, na ya Ziwa Victoria karibu nusu hupotea kwenye vinamasi vya Sudd kule Sudan Kusini. Mama hakumwongelesha tena hadi chakula cha usiku.

Nikirudi, nitaanzia Aswan, ambako safari ni siku tatu za kulala, na nitaomba chumba cha ghorofa ya juu kwa maandishi. Gauni la zambarau limefuliwa mara mbili. Mama analivaa kanisani. Shuka zangu nyeupe zilizofuliwa nalo sasa ni za zambarau pia.